Namna ya kukagua habari ya mtandaoni kabla hujaisambaza: mwongozo kamili

Wengi wanaojaribu kukagua habari hukwama mahali palepale. Mtu anapokea picha, anaikuza, anahesabu vidole vya waliomo (picha za akili mnemba, yaani AI, hukosea vidole), anasaka makosa ya tahajia kwenye maelezo, haoni kasoro. Anaituma. Kesho yake inabainika kwamba picha ni halisi kabisa, ila ilipigwa miaka kumi iliyopita katika nchi nyingine.

Huyu hakuwa mzembe. Alikagua kwa bidii, lakini alikiuliza kitu kisichoweza kumjibu. Chapisho la uongo limetengenezwa makusudi lipite mbele ya macho yako bila kushtukiwa. Ukiendelea kulikodolea unacheza kwenye uwanja wa aliyelitengeneza. Ndiyo maana hatua nyingi zilizo hapa chini zinafanyika nje ya chapisho lenyewe.

## Vitu vya kuwa navyo

- Simu yenye intaneti na kivinjari cha kawaida. Usifanyie utafutaji ndani ya programu ya mtandao ulikoikuta habari. Huko utaletewa machapisho ya watu wanaorudia jambo lilelile.
- Google Lens na TinEye, kwa kutafuta kwa kutumia picha badala ya maneno. Zote ni za bure.
- Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za intaneti, kwa ajili ya vitu vilivyokwisha kufutwa.
- Kompyuta, kama ipo, yenye kivinjari kilichowekewa nyongeza ya InVID-WeVerify. Hii ni ya video. Bila kompyuta utafanya kazi ileile kwa skrinishoti.
- Tovuti za wahakiki: Africa Check, PesaCheck (ambayo huandika pia kwa Kiswahili), AFP Fact Check, Snopes.
- Mahali pa kuandika. Daftari linatosha.

Muda unategemea na kitu chenyewe. Picha iliyokwisha kuzunguka dunia hujulikana ndani ya dakika mbili. Video ya nusu dakika inaweza kula nusu saa yako.

## Hatua ya 1: Weka simu chini kwanza

Kama habari imekupandisha hasira, imekutia hofu au imekufurahisha kupita kiasi, usifanye chochote kwa dakika chache.

Mwaka 2018 jarida la Science lilichapisha utafiti wa wanasayansi wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, waliofuatilia habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa Twitter (sasa X) kati ya 2006 na 2017. Habari za uongo zilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa upya kuliko za kweli. Na waliokuwa wakizikimbiza hasa ni watu, si programu za kujiendesha. Zilichochea mshangao na karaha, na mtu aliyeshangaa hutafuta wa kumwambia.

Utajua umetulia pale utakapoweza kumsimulia mtu habari hiyo bila kuongeza neno kama “ajabu” au “aibu”.

## Hatua ya 2: Andika dai kwa maneno makavu

Chukua daftari. Andika nani, nini, wapi, lini. Ondoa alama za mshangao, ondoa matusi, ondoa “TAZAMA KABLA HAIJAFUTWA”.

Tuseme umepokea hii: “Daraja jipya limeporomoka leo, mamia wamekufa, wakubwa wanaficha!” Hapo kuna madai manne: daraja limeporomoka, limeporomoka leo, mamia wamekufa, na kuna watu wanaficha. Kila dai linakaguliwa peke yake. Mara nyingi utakuta moja ni la kweli, nalo ndilo linaloyabeba mengine mgongoni. Daraja limeporomoka kweli, lakini miaka mitano iliyopita, na hakufa mtu.

Ukishindwa kuandika “wapi” na “lini” kwa sababu chapisho halisemi, liwekee alama ya kuuliza. Habari isiyo na tarehe haizeeki, na wanaoitunga wanalijua hilo.

Tahadhari: maoni hayakaguliwi. “Kiongozi huyu hafai” si dai la kuthibitisha. “Kiongozi huyu alisema maneno haya siku fulani” ni dai. Angalia pia kama umekutana na kejeli. Ziko tovuti, kama The Onion ya Marekani, zinazotunga habari za kuchekesha na kujitambulisha hivyo; mzaha wao ukikatwa skrinishoti na kuvushwa hadi kwenye kundi la WhatsApp, hugeuka taarifa.

## Hatua ya 3: Toka kwenye chapisho, tafuta pembeni

Hii ndiyo hatua wanayoiruka wengi.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaketisha mbele ya kompyuta watu 45: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Waliwapa tovuti wazipime. Wanahistoria na wanafunzi walisoma ukurasa kutoka juu hadi chini, wakatazama nembo, mpangilio na jina la tovuti, na wengi wakadanganyika. Wahakiki hawakukaa. Waliutupia ukurasa jicho, wakafungua kurasa nyingine na kuuliza: wengine wanasema nini kuhusu hawa? Walimaliza mapema zaidi na walipatia zaidi.

Fanya kama wao:

1. Fungua kivinjari, andika maneno makuu ya dai lako: jina la mahali, jina la mtu, tukio. Usiandike “ni kweli kwamba…”. Andika majina na vitendo tu.
2. Rudia utafutaji ukiongeza neno “uhakiki” au “fact check”. Inawezekana mtu ameshaifanya kazi hii kabla yako.
3. Tafuta kwa lugha ya mahali panapotajwa kama unaijua, au kwa msaada wa programu ya kutafsiri.
4. Fungua angalau taarifa tatu na utazame kila moja imepata wapi habari.

Hiyo ya nne ina mtego. Tovuti kumi zikinakili moja, shahidi ni mmoja. Fuata maneno kama “kwa mujibu wa” hadi ufike kwa wa mwanzo. Ukiona A anamtaja B, na B anamtaja A, umefika mwisho wa barabara na hakuna nyumba.

Na ukimya je? Unategemea saa. Tukio kubwa la hadharani lililotokea jana likikosa kuripotiwa na chombo chochote, hiyo ni dalili nzito. Tukio la dakika kumi zilizopita likikosa kuripotiwa, hiyo si dalili ya lolote. Subiri.

Ukimaliza hatua hii vizuri, unaweza kumtaja aliyeitoa habari kwa mara ya kwanza, au unaweza kusema kwa uhakika kwamba hajulikani.

## Hatua ya 4: Mkague aliyesema

Tiki ya bluu si hati ya kiapo. Novemba 2022 Twitter ilianza kuiuza kwa yeyote mwenye pesa ya kulipia kila mwezi. Tarehe 10 mwezi huohuo, akaunti iliyojifanya kampuni ya dawa ya Eli Lilly, ikiwa na tiki yake safi, ilitangaza kwamba insulini sasa ni bure. Kampuni halisi ililazimika kuomba radhi kwa waliopotoshwa. Mei 22, 2023, picha ya mlipuko karibu na Pentagon, makao makuu ya jeshi la Marekani, ilisambazwa na akaunti zenye tiki, mojawapo ikijifanya inahusiana na shirika la habari la Bloomberg. Hapakuwa na mlipuko, na kikosi cha zimamoto cha Arlington, eneo ilipo Pentagon, kilikanusha. Hata hivyo bei za hisa zilitikisika kwa dakika chache.

Kwa hiyo badala ya tiki, tazama haya:

- Jina la akaunti, herufi kwa herufi. Sifuri hukaa mahali pa O, l ndogo mahali pa I kubwa.
- Tarehe ya kufunguliwa. Kwenye kurasa za Facebook kuna sehemu ya uwazi inayoonyesha ukurasa ulianza lini na ulibadilisha jina mara ngapi. Ukurasa ulioanza kwa jina la mapishi ukaishia kuwa “Habari za Uhakika” unajieleza wenyewe.
- Iliandika nini mwezi uliopita, na mwaka uliopita.

Njia fupi kuliko zote: nenda kwenye tovuti rasmi ya taasisi inayotajwa, kisha ufuate kutoka huko kiungo cha akaunti yake. Usiende kwa kutafuta jina ndani ya mtandao wa kijamii.

Skrinishoti ya chapisho la mtu si ushahidi. Kuitengeneza hakuhitaji fundi. Dakika mbili zinatosha. Tafuta chapisho lenyewe. Ukiambiwa limefutwa, ingiza anwani ya ukurasa ule kwenye Wayback Machine uone kama nakala ilihifadhiwa.

### Kama imekuja kwa WhatsApp

Mishale miwili juu ya ujumbe ina maana kwamba umeshapita mikono mitano au zaidi tangu kwa aliyeuandika. Ujumbe wa aina hiyo, tangu Aprili 2020, hauwezi kutumwa kwa zaidi ya soga moja kwa mkupuo. Mishale haisemi kwamba habari ni ya uongo. Inasema kwamba aliyekutumia siye aliyeandika, hata kama sentensi ya kwanza ni “Jirani yangu ni daktari, ameniambia…”. Jirani huyo ni wa mtu mwingine kabisa. Na ukikosa kuona mishale usitulie: aliyenakili maneno na kuyabandika upya ameifuta alama.

Mwulize aliyekutumia swali moja la upole: umeipata kwa nani? Wengi hujibu “kundi fulani”, na hapo umefahamu hana zaidi ya ulicho nacho wewe.

## Hatua ya 5: Picha

Hapa pana kazi, kwa hiyo tukae kidogo.

Uongo wa bei rahisi kuliko wote hauhitaji kuhariri chochote. Unachukua picha ya kweli ya zamani na kuipa maelezo mapya. Baada ya tetemeko la Nepal la Aprili 2015, mamilioni waliona picha ya mvulana mdogo akimkumbatia dada yake, ikielezwa kuwa ni mayatima wa tetemeko. Picha ilipigwa mwaka 2007 katika jimbo la Ha Giang, Vietnam, na mpigapicha Na Son Nguyen. Kwa maelezo yake, binti alilia kwa kumwona mgeni, na kaka akambembeleza. Hesabu vidole vyao hadi kesho, viko sawa.

Fanya hivi:

1. Hifadhi picha yenyewe. Skrinishoti itumie pale tu inaposhindikana, na ukate maandishi, fremu na vikatuni vilivyoongezwa pembeni.
2. Ipitishe Google Lens. Tazama inatokea wapi na kwa maelezo gani.
3. Ipitishe TinEye, kisha panga matokeo kuanzia la zamani kuliko yote. Hapa ndipo mchezo unapoisha mara nyingi: picha ya “leo asubuhi” inaonekana ilikuwepo mtandaoni mwaka 2016.
4. Usipopata kitu, igeuze kushoto-kulia kama kwenye kioo, kisha ujaribu tena. Waongo hugeuza picha ili kuzichanganya mashine.
5. Bado? Kata kipande kimoja chenye kitu cha pekee, kama jengo, bango au gari, na utafute kipande hicho tu.

Hatua ya mwisho hiyo ndiyo inayofichua picha zilizounganishwa. Kuna papa mmoja maarufu anayeogelea kwenye barabara iliyofurika kila kimbunga kinapopiga Marekani. Alionekana Puerto Rico wakati wa kimbunga Irene mwaka 2011, akaonekana Houston wakati wa Harvey mwaka 2017. Ni papa yuleyule, amekatwa kutoka kwenye picha ya Thomas Peschak iliyochapishwa mwaka 2005, akimfuata mtu ndani ya kayaki baharini.

Kisha kuna papa wa pili. Machi 2023 picha ya Papa Francis akiwa amevaa koti jeupe la kisasa lililofura ilisambaa kote na watu wakaisifu mitindo yake. Ilitengenezwa na Midjourney, programu ya akili mnemba. (Lugha yetu ina papa wawili, na picha za wote wawili zimeidanganya dunia.) Wa kwanza unamkamata kwa TinEye kwa sababu ana asili. Wa pili hana asili, hakuna picha ya zamani ya kuipata.

Kwa picha ya aina hii ya pili, tazama maandishi ya mabango, hereni, miwani, mahali mkono unaposhika kitu, na nyuso za watu wa nyuma. Ukiona kasoro, umepata sababu ya kutilia shaka. Usipoiona, hujapata chochote. Programu hizi zinajirekebisha kila baada ya miezi. Swali lenye nguvu zaidi ni hili: pembe nyingine iko wapi? Tukio lililotokea mbele ya watu mia lina picha mia, kila moja kutoka alikosimama mtu. Likiwa na picha moja tu, safi, yenye mwanga kama wa studio, simama hapo.

Tahadhari mbili. Programu zinazodai kutambua picha za akili mnemba hukosea pande zote mbili, zisikutolee hukumu. Na kukosa matokeo hakuthibitishi kwamba picha ni mpya. Mimi niliwahi kuitetea picha siku nzima kwa sababu tu TinEye haikuwa nayo. Google Lens ilikuwa nayo.

Umefaulu ukiwa na nakala ya zamani yenye tarehe, na ikiwezekana jina la mpigapicha.

## Hatua ya 6: Video na sauti

Video ni picha nyingi zilizofuatana, basi ifanye iwe picha. Bandika kiungo cha video kwenye InVID-WeVerify, nayo itakukatia fremu muhimu na kukuruhusu uzitafute moja moja. Kwa simu, simamisha video mahali panapoonekana vizuri, piga skrinishoti tatu au nne, rudi Hatua ya 5.

Video za vita zina mtego wa ziada. Novemba 2022 Bohemia Interactive, watengenezaji wa mchezo wa kompyuta Arma 3, walitoa taarifa kulalamika kwamba vipande vya mchezo wao vinapitishwa kama mapigano halisi. Picha ya usiku, inayotikisika, ya ubora hafifu, isiyo na sauti ya mtu hata mmoja: ishuku.

Kwa hotuba iliyokatwa, tafuta hotuba nzima. Sikiliza dakika moja kabla na dakika moja baada ya kipande. Neno “wanasema kwamba” likikatwa mwanzoni, msemaji anabebeshwa kauli aliyokuwa akiipinga.

Kuhusu nyuso za kutengenezwa: Machi 2022 ilisambaa video ya Rais Zelensky wa Ukraine akiwaamuru wanajeshi wake waweke silaha chini. Kichwa hakikuoana na mwili na sauti ilikuwa ngeni, naye akajibu kwa video yake siku ileile. Ilikuwa kazi mbovu. Usitegemee zote ziwe mbovu.

Sauti peke yake ndiyo ngumu kuliko vyote, maana hakuna fremu ya kutafuta. Siku chache kabla ya uchaguzi wa Slovakia wa Septemba 2023 ilivuja “rekodi” ya mwanasiasa Michal Šimečka akipanga kuiba kura. Ilikuwa ya kughushi. Ukipata rekodi kama hiyo, uliza: ilirekodiwa wapi, nani aliitoa kwanza, anayetajwa amesema nini, na kwa nini imetoka leo? Usipopata majibu, usiipe cheo cha ushahidi.

## Hatua ya 7: Namba na “utafiti umeonyesha”

Hii ni fupi. Tafuta utafiti wenyewe kwa jina lake. Kama haukutajwa jina, hakuna utafiti hadi uonekane. Ukiupata, soma muhtasari: ulifanywa kwa binadamu au kwa panya, kwa watu wangapi? “Imeongezeka maradufu” iulize: kutoka ngapi? Kutoka mmoja hadi wawili nako ni maradufu.

## Hatua ya 8: Toa uamuzi

Andika mojawapo: kweli, uongo, imepotoshwa, haijathibitika. Weka kiungo cha ushahidi mbele yake.

“Imepotoshwa” ni ya vitu halisi vilivyovalishwa maelezo yasiyo yao. “Haijathibitika” ndiyo watu wanaiogopa, kana kwamba ni kushindwa. Ni jibu halali, na kwa habari ya saa moja iliyopita mara nyingi ndilo pekee la haki. Habari isiyothibitika haitumwi. Kuitanguliza na “sina uhakika, lakini…” hakuibadilishi. Anayepokea husoma kilicho baada ya “lakini”.

## Hatua ya 9: Kama ulishaituma

Futa, kisha useme umefuta, na useme palepale ulipoituma. Kufuta kimyakimya hakuwafikii walioisoma na kuipeleka mbele.

Anza na kilicho kweli, halafu taja kosa mara moja tu. Usiirudishe picha ileile ikiwa tupu. Ikibidi kuionyesha, ichore mstari mnene na uandike UONGO juu yake, kwa sababu itakatwa na kusafiri bila maelezo yako.

Na kama aliyetuma ni mkubwa wako kwenye kundi la familia, usimsahihishe mbele ya watoto wake. Mfuate pembeni: “Shikamoo shangazi. Ile picha ya mafuriko nimeitafuta, nimekuta ni ya mwaka 2017. Kiungo ni hiki hapa. Nimeona nikuambie wewe kwanza.” Huenda akajibu kwamba hata kama si ya leo, mambo kama hayo yapo. Usibishane naye juu ya mambo yaliyopo. Mwachie kiungo, na umwombe yeye mwenyewe aitoe kwenye kundi.